Basi la Baba na Toleo Jipya

Baba yangu alikuwa na desturi ya kusimamisha basi juu ya mteremko na kusubiri abiria washuke. Hata basi lilipokuwa la ndani ya kompyuta, na mteremko ukiwa wa nchi ya mbali yenye misonobari iliyopangwa kama wanafunzi mstarini, alisimama. Alivuta hendibreki, akapiga honi mara tatu, akakaa kimya akitazama mbele. Sisi tuliokuwa nyuma yake pale kwenye duka la kompyuta tulijua anachosubiri, na tulinyamaza pamoja naye. Alipoona wametosha kushuka, aliingiza gia ndogo na kuanza kuteremka taratibu, peke yake na gari lake.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye njia ya Wampembe. Uwanda wa Ufipa unapokwisha, ardhi inakatika ghafla na ziwa linaonekana chini, jembamba na la bluu, kama kitu ambacho mtu amekisahau pale. Barabara ya zamani ilishuka kwa kona, na moja ya kona hizo ilikuwa mbaya kiasi kwamba dereva mwenye akili hakuipita na watu. Abiria walishuka juu, na kuku wao, na magunia madogo wasiyotaka kuyaacha, wakatangulia kwa miguu. Utingo alitembea nyuma ya gurudumu akiwa na kabari ya mti mkononi, tayari kuitupa chini ya tairi gari likikataa kushikika. Dereva alibaki ndani. Huko chini watu walimsubiri, na alipofika walipanda tena wakicheka kwa sauti kubwa kuliko walivyocheka njia nzima. Baba alifanya hivyo kwa miaka mingi. Aliniambia siku moja, nikiwa bado mdogo, kwamba zile dakika za kusubiri watu washuke ndizo alizozipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamharakisha.

Kwanza alikuwa dereva wa shirika la umma la usafirishaji. Mashirika yalipoanza kufungwa na biashara kuachiwa watu binafsi, alipewa barua moja asubuhi, akiwa ameshavaa koti lake la kazi. Malori yakauzwa kwa mnada. Wafanyakazi wakaahidiwa fidia, wakaenda nyumbani kuisubiri. Soko huria hilo hilo lililomtoa kazini likamrudisha barabarani kwa mlango mwingine: mfanyabiashara mmoja wa mjini alinunua lori kuukuu, akalivalisha bodi ya basi, akalipaka rangi ya bluu na mstari mweupe, na juu ya kioo cha mbele akaandikisha neno moja, TUTAFIKA. Baba akapewa ufunguo. Ndilo basi nililolijua mimi. Lilinuka samaki waliokaushwa na dizeli, na kiti cha nyuma ya dereva kilikuwa changu wakati wa likizo.

Kiharusi kilimpata akiwa amekaa mlangoni anavua viatu. Kilimchukua upande wa kulia wote na kilimchukua maneno. Yalibaki mawili, matatu. Lililobaki imara kuliko yote lilikuwa "ngoja". Mama alimuuliza kama ana njaa, akasema ngoja. Mgeni alimwamkia shikamoo, akasema ngoja. Alijua kwamba silo alilotaka kusema. Tuliona macho yake yakilifuata lile neno likitoka, kama mtu anayemwona ng'ombe wake akiingia shamba la jirani. Hospitalini walituambia tumzoeshe kufanya kazi ndogondogo za mikono na tumsemeshe sana. Tulimsemesha mpaka tukachoka. Hakuna kilichorudi.

Wakati huo nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye duka la kompyuta karibu na stendi: mitihani ya shule, barua za maombi, kadi za michango ya harusi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na nilikuwa naandika riwaya. Nilikwishasoma hadithi zangu kwenye vikao viwili vya waandishi chipukizi huko Mbeya, na nilirudi kutoka kila kikao nikitembea kama mtu aliyepakwa mafuta. Niliamini kwamba jambo lolote likiandikwa vizuri haliwezi kupotea.

Duka lilisimamiwa na kijana mmoja wa familia ya wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini-magharibi na kuweka makazi kwenye bonde la Rukwa. Yeye hakutaka ng'ombe. Alitaka kompyuta, na alizipenda kwa uvumilivu ule ule ambao baba yake aliutumia kukaa na mifugo. Aliniita dada mwandishi, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Kwenye mashine ya pembeni alikuwa na mchezo wa kuendesha malori na mabasi kwenye barabara za nchi za ng'ambo. Vijana wote mjini walikuwa na michezo ya kunakili kwenye sidii, iliyopita kwenye mikono kumi. Yeye alikuwa ameununua mchezo wake kwa njia halali, kupitia kadi ya benki ya mjomba wake, na washikaji zake walimcheka kwa hilo.

"Umenunua kitu ambacho kila mtu anacho," walimwambia.

"Mimi nataka changu," alijibu.

Huyu ndiye aliyenieleza kuhusu modi. Mchezo, alisema, unakuja na magari yake, lakini mtu akiwa na ujuzi anaweza kutengeneza gari lake mwenyewe na kulipachika ndani. Siku moja nikamsimulia kuhusu baba na lile basi. Kesho yake aliniomba picha.

Tulikuwa na picha moja tu. Baba amesimama mbele ya basi, mkono juu ya boneti, jua likimpiga usoni. Kilichokosekana kwenye picha kilijazwa na yule aliyekuwa utingo wake, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye alikuja dukani akavuta stuli na kuanza kutoa maelekezo kama fundi mkuu.

"Taa ya kushoto ilikuwa na ufa. Huo ufa hujauweka."

"Ufa nao niuweke, mzee?"

"Ukiacha ufa hilo ni basi la mtu mwingine. Na hapo mlangoni palikuwa na bonyeo, nililipiga mimi mwenyewe kwa kichwa."

"Kichwa kilipona?"

"Unazungumza nacho sasa hivi."

Kijana alichukua basi lililotengenezwa na mtu asiyemjua, wa nchi ya mbali, aliyekuwa ameliweka mtandaoni bure, na kulibadilisha kidogo kidogo kwa muda wa miezi minne: bodi, rangi, mstari mweupe, ufa wa taa, neno lile juu ya kioo. Basi la kweli lilikuwa bado lipo, limeegeshwa gereji likisubiri kukatwakatwa na kupelekwa Tunduma kama chuma chakavu. Tulikwenda watatu, tukaazima betri, utingo akaunganisha nyaya, na honi ikalia. Ilikuwa na sauti ya pekee, inaanza nene halafu inapanda, kama mtu anayeuliza swali. Kijana aliirekodi kwa simu. Wiki iliyofuata tulipopita, pale gereji palikuwa na alama ya mafuta tu ardhini.

Siku tuliyomleta baba, upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unavuma na alikuwa amevaa sweta mbili. Alitembea na fimbo, na utingo alitembea hatua moja nyuma yake, kama zamani nyuma ya gurudumu. Tulimkalisha. Vitufe vyote vilikuwa vimehamishiwa upande wa kushoto wa kibodi, mkono wake mzima ulipofikia. Niliondoa kile kitambaa cha kufuma ambacho kila jioni tulikifunikia skrini, cha maua mekundu, kazi ya mama, kwa sababu mji ulikuwa unajengewa barabara ya lami na vumbi liliingia hata kwenye sukari. Basi likatokea. Bluu, mstari mweupe, TUTAFIKA.

Baba alilitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akanyoosha mkono akagusa ile taa yenye ufa kwenye kioo cha kompyuta, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima kama chai imepoa.

Wiki ya kwanza aligonga kila kitu. Utingo alimtania bila huruma.

"Dereva, huo ukuta ulikuwepo tangu jana."

"Ngoja," baba alisema.

"Nimengoja miaka ishirini, sasa nataka kufika."

Na baba akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa chake. Wiki ya tatu alifika kwenye mteremko wa kwanza, akasimamisha, akavuta hendibreki, akapiga honi mara tatu. Utingo aliinuka kutoka kwenye stuli bila kujijua. Nilimwona akitafuta kitu kwa mkono pembeni yake, hewani. Kijana alitaka kuuliza kuna tatizo gani, nikaweka kidole mdomoni kumzuia. Basi lilisimama kwenye barabara ya ugenini, na magari mengine yakilipita, mpaka baba aliporidhika.

Baada ya hapo maneno yakaanza kurudi. Sijui yalikuwa yamekaa wapi. Yalikuja moja moja, na mengi yalikuja kwanza pale dukani, mkono ukiwa kwenye kibodi. "Pembeni." "Kona." "Shusha." Alipoona barabara haina mifugo hata moja siku nzima, aligeuka akamuuliza kijana, wazi kabisa, "Ng'ombe?" na kijana, mtoto wa wafugaji, akacheka mpaka akafuta machozi. Nyumbani mama aliyapokea maneno hayo mlangoni kama mtu anayepokea mavuno. Alinisubiri nirudi kazini aniambie: leo amesema chumvi. Leo amesema mvua. Siku moja alikuta nimekaa na daftari langu, akaniwekea mkono begani.

"Ameniita," alisema. "Jina langu lote."

Alisema hivyo tu, akaenda kukoroga uji.

Kijana aliondoka mwezi wa tisa. Baba yake alikuwa ameamua kuhamisha ng'ombe tena, safari hii kuelekea kusini kabisa, kwa kuwa malisho ya bondeni yalikuwa yamebana na watu wamebanana, na yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Hakulalamika. Aliniachia funguo na akabandika karatasi kwenye ile mashine ya pembeni, juu ya matundu ya kuchomekea, kwa herufi kubwa: MASHINE HII ISIUNGWE KWENYE MTANDAO.

"Mchezo huu ni halali," alinieleza, "kwa hiyo ukiona mtandao tu, unawasiliana na wenyewe walioutengeneza. Wakiwa wametoa toleo jipya, unalichukua bila kukuuliza. Likija toleo jipya, basi la mzee halitajulikana."

"Kwani wana shida gani na basi letu?"

"Hawana shida nalo, dada. Hawajui kama lipo."

Nilimwahidi. Nilikuwa namaanisha.

Riwaya yangu ilikwisha mwezi wa kumi na moja. Kulikuwa na shindano la miswada ambayo haijachapishwa, na siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimeiandika yote kwenye ile mashine ya pembeni, asubuhi kabla ya wateja, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na kibodi isiyokosa herufi. Ijumaa hiyo umeme, ambao wakati ule tulikuwa tunaletewa kutoka Zambia, ulikatika tangu alfajiri na kurudi saa sita. Mashine ya mbele, ya mtandao, haikuwaka tena baada ya umeme kurudi. Ilitoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Nilikuwa na modemu mkononi, bando la wiki nzima nililolinunua kwa ajili ya siku hiyo, na muswada ambao niliamini ndio maisha yangu.

Niliisoma ile karatasi. Nataka hilo lieleweke. Sikusahau, na sikudanganywa. Niliisoma, nikainyanyua kona moja kwa kucha, kwa sababu ilikuwa imefunika tundu, nikachomeka modemu. Nilijiambia ni dakika tano. Muswada ulikuwa mzito kwa mtandao wetu. Niliuweka kwenye barua pepe, nikabonyeza kutuma, na lile duara dogo likaanza kuzunguka. Lilizunguka na kuzunguka. Njaa iliniuma. Tingatinga la wajenzi wa barabara lilipita nje na wingu la vumbi likaingia mlangoni, na mkono wangu ukafanya kile ulichofanya kila siku: ukachukua kitambaa cha maua mekundu na kuifunika skrini. Nikafunga mlango nikaenda kula maharage ng'ambo ya barabara.

Niliporudi kitambaa kilikuwa kimetulia mahali pake. Chini yake taa ya modemu ilikuwa inapepesa, kijani, kijani, kwa bidii. Nilifurahi. Nilikaa kwenye stuli ya utingo nikiitazama ile taa, na nilifikiri ni maneno yangu yanayoondoka, ukurasa baada ya ukurasa, yakiteremka kutoka kwenye uwanda wetu kwenda kwa watu watakaoyasoma. Sikukiondoa kitambaa. Tulizoea kwamba kitu kilichofunikwa kimehifadhiwa. Taa iliacha kupepesa karibu saa tisa, na ndipo nilipofunua.

Barua pepe haikuwa imekwenda. Iliandikwa kwamba bando limekwisha. Pembeni yake palikuwa na kijisanduku kidogo chenye habari njema kwa Kiingereza: mchezo wako uko tayari, toleo jipya limesimikwa.

Nilikuwa bado nimesimama nikiwa na kitambaa mkononi baba alipoingia, na utingo hatua moja nyuma yake.

Ningeweza kusema umeme umekatika. Ningeweza kusema mashine inaumwa. Nilikuwa mwandishi, uongo ndiyo kazi niliyoichagua, na hata mmoja haukuja. Baba alikaa. Aliweka fimbo pembeni, akaweka mkono wa kushoto kwenye vitufe, akaniangalia nifungue. Nikafungua.

Palitokea maandishi kabla ya barabara. Utingo akaniambia nisome, nami nikayasoma kwa Kiswahili kama ninavyowasomea wazee barua zao.

"Wanasema baadhi ya magari hayatambuliki tena. Yameondolewa. Mwenye gari amelipwa fidia."

"Fidia?" Utingo aliangua kicheko kifupi. "Ile ya shirika hatujaiona, hawa wametuletea nyingine. Na basi?"

"Limeondolewa."

"Limeondolewa na nani?"

Kwenye kioo paliegeshwa lori jeupe, jipya, linang'aa, lenye pua bapa. Lilikuwa zuri. Kila kitu kilikuwa kimependezeshwa. Mvua sasa ilionekana ikiteleza kwenye vioo, na majani ya miti yalitikisika. Watu fulani mahali fulani walikuwa wamefanya kazi ya miezi mingi kwa uangalifu ili tufurahi.

Baba alilitazama lile lori. Akaendesha. Nilidhani labda hataona tofauti, halafu nikaona aibu ya kudhani hivyo. Aliendesha vizuri, bila kugonga, kama mtu anayerudisha gari la jirani. Alifika kwenye mteremko. Akasimamisha, akavuta hendibreki, akabonyeza honi.

Ilitoka sauti nyembamba, safi, ya gari la mtu mwingine.

Mkono wake ulibaki juu ya kitufe. Hakubonyeza mara ya pili. Alisubiri kidogo, kisha akageuza kichwa taratibu akamtazama utingo, halafu mimi, na nikaona mdomo wake ukitafuta. Alitafuta kwa muda mrefu. Nilitaka kumpa lile neno, lolote lile alilolitaka, ningemwandikia kitabu kizima.

"Ngoja," alisema.

Akauondoa mkono na kuuweka mapajani.

Nilifanya kila nilichokijua, na nilijua kidogo. Niliufuta mchezo nikausimika upya. Ulikuja ule ule mpya. Faili la basi lilikuwapo bado, zima, kwenye folda yake, na mchezo ulilipita kama mtu anavyompita ombaomba. Nilimtafuta kijana kwa simu siku tisa. Siku ya kumi alipokea, na nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe.

"Faili za kulitengenezea basi zilikuwa kwenye laptop yangu," alisema. "Hapo dukani hakuna nakala zake. Ningeweza kulirekebisha kwa toleo jipya kama ningekuwa nazo."

"Na laptop?"

"Niliiuza, dada. Tulipata shida njiani, ng'ombe walikufa. Mzee anasemaje?"

"Hasemi."

Nilimwandikia yule mgeni wa nchi ya mbali aliyelitengeneza basi la mwanzo, kwa Kiingereza changu cha shule, nikamweleza habari zote, mpaka kona ya Wampembe. Alinijibu baada ya wiki mbili, kwa upole. Alisema amesoma barua yangu mara nyingi, lakini ameacha mambo hayo, ana kazi na mtoto mchanga, na kila toleo likitoka linaharibu kazi ya watu na yeye alichoka kufukuzana nayo. Alinitakia baba afya njema.

Nilisikia kuna kijana Kasesya, pale mpakani, anayeuza sidii za michezo zinazotoka upande wa pili. Nilikwenda. Nilipanda lori mpaka njia panda, kisha bodaboda, nikapita kwenye msururu wa malori yanayosubiri forodha, na nikampata akiwa amekaa chini ya mwavuli, sidii zake zimefunikwa nailoni. Alikuwa nao mchezo wenyewe, wa kunakili, wa zamani. Nilirudi nimeikumbatia ile sidii kama yai. Nikaisimika, nikaweka faili, nikafungua. Ilikuwa ya zamani mno. Basi la baba lilitengenezwa kwa toleo la katikati, na toleo hilo, ambalo wiki sita nyuma lilikuwa mezani kwangu, sasa sikulipata popote. Mashine za mji mzima zenye michezo ya kunakili ziliendelea kucheza bila wasiwasi, na hakuna aliyezibadilishia kitu.

Utingo nilimwambia ukweli. Nilimweleza karatasi, modemu, maharage, kitambaa. Alinisikiliza akiwa anakwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Mimi siku moja niliacha kabari juu," alisema. "Pale pale konani. Nilikuwa naongea na mwanamke mmoja mwenye samaki. Gari likaanza kwenda, nikanyoosha mkono, sina kitu."

"Ikawaje?"

"Baba yako akalishika. Sijui kwa namna gani. Chini kule hakuniambia neno lolote. Mpaka leo sijui kama alijua."

Kwa mama sikuwahi kuthubutu. Nilimwambia wenye mchezo wamebadilisha, na ni kweli, wamebadilisha. Alitikisa kichwa akasema watu wa mbali. Aliendelea kunisubiri mlangoni jioni, kwa mazoea, na tulipokutana hatukuwa na la kuambiana. Mwezi wa kwanza neno chumvi lilipotea. Halafu mvua. Jina lake nadhani lilikuwa la mwisho kuondoka, lakini hakuniambia siku gani, na sikumuuliza.

Kitu kimoja tu nilifanikiwa kukitoa kwenye lile faili: honi. Sekunde sita. Niliihamishia kwenye simu na nikakaa nayo siku kadhaa nikiogopa kuipiga.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, na mama alikuwa amemwekea baba kiti uani, kikitazama kule bondeni. Nyumba yetu iko juu kidogo, na njia inashuka kutoka getini, inapita kati ya mahindi mpaka kwenye kijito. Nilivuta stuli nikaketi nyuma yake, kidogo upande wa kushoto, mahali pangu pa siku za likizo. Nikabonyeza. Honi ikalia, nene halafu ikapanda. Nikairudia. Nikairudia tena, ya tatu.

Mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka mapajani. Ukavuta kitu ambacho hakikuwepo, kwa nguvu, mpaka mwisho. Mgongo ukanyooka. Akatazama mbele, juu ya mahindi.

Nikasubiri neno. Niliinama karibu na bega lake kabisa.

"Ngoja," alisema. Kisha akageuza kichwa kidogo, kama alivyofanya siku zote kuangalia kioo cha ndani, na akaniona nimekaa.

Hakunikasirikia. Aliendelea tu kuniangalia, na mkono wake haukuachia hendibreki. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anasubiri, na kwamba kwenye gari lile nilikuwa nimebaki mimi.

Nikainuka. Nikachukua viatu vyangu mkononi, nikapita mbele yake, nikafungua geti na kuanza kushuka ile njia ya kijitoni, taratibu, matope yakiniteleza chini ya nyayo. Nilipofika chini nikasimama pembeni mwa njia nikageuka. Alikuwa bado amekaa wima pale juu, anatazama kama wote wameshashuka. Nikapunga mkono kumwonyesha kwamba tumefika, aje.

Nilikaa pale mpaka mama alipotoka kumwingiza ndani.